Hedifoni za omu 250 na amplifaya

Ndugu yangu wa Bagamoyo, umeuliza kwa nini hedifoni zako za DT 770 za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zinasikika chini kwenye simu na kama ununue amplifaya. Tuseme simu inatoa volti 1. Hedifoni za omu 32 zitapata nguvu ya kama miliwati 31. Zako zitapata 4 tu. Amplifaya itakuongezea volti, na hapo utaisikia tofauti. Ila haisafishi rekodi mbovu, kwa hilo usidanganywe.

Kwanza pandisha sauti ya simu hadi mwisho usikilize rekodi tulivu. Ikikutosha, usinunue, tunza hela yako. Lakini umesema unahariri ngoma, na ngoma ina minong'ono kisha kishindo cha ghafla. Hapo nguvu ya akiba inasaidia sana. Kama tayari una kadi ya sauti ya kurekodia, chomeka kwenye tundu lake la hedifoni kabla hujanunua chochote, nyingi zina amplifaya ndani.

Omu peke yake hazitoshi kuamua, angalia pia desibeli kwa kila miliwati, yaani hedifoni inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu hiyo. Na ukishapata amplifaya, anza na sauti ya sifuri kila unapovaa hedifoni. Masikio ndiyo kazi yako, tafadhali.