Mnubi chuoni: kabla ya kuomba uhamisho

Mdogo wangu, umeuliza kama uhame chuo kwa vile wenzako wa hosteli wanakwambia urudi Sudani. Mimi pia ni Mnubi, mzaliwa wa Kibra, Nairobi (ndiyo, Kibra, wenyewe hatusemi Kibera), na nilipoingia chuo 2014 niliambiwa hayo hayo.

Wiki ya kwanza kila komredi, yaani mwanafunzi mwenzangu, alikuwa na pa kwenda. Wa kabila hili wana chama chao, wa lile wana chao, na kura za viongozi wa wanafunzi hupigiwa hesabu humo humo. Nikauliza kwa mzaha, "Wanubi wanakutana wapi?" Jamaa mmoja akajibu, "Kwani hilo nalo ni kabila?" Nilicheka nao. Usiku sikulala.

Ila kilichonikwamisha hasa ni kitambulisho. Wenzangu walipeleka cheti cha kuzaliwa, wakamaliza. Mimi nilipigwa msasa: nimekaa mbele ya wazee wa kamati naulizwa babu wa babangu alizaliwa wapi. Babu huyo aliletwa na Mwingereza kutoka Sudani akiwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni, kabla nchi hii haijaitwa Kenya! Kilichukua miezi minane kutoka, na bila namba yake mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, haukuombeka. Karo ya muhula ule mama aliikopa kwa majirani. Kwa hiyo kama chako hakijatoka, nenda kwa mlezi wa wanafunzi kesho, uombe kulipa kidogo kidogo. Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir, Februari 2025, kwamba msasa umekwisha, lakini wewe fuatilia karatasi yako mwenyewe.

Hosteli nilitundika tabaga ya mama, kawa ya Kinubi ya kusukwa, juu ya kitanda. Siku moja mwenzangu wa chumba, msichana wa Kitui, akaishusha, akaigeuza, akaipitisha kidole kwa nyuma. "Kumbe na nyinyi mnaanzia katikati," akasema. Nyanyake alikuwa msusi wa vyondo. Jumamosi hiyo nilimpeleka nyumbani, akala gurusa nne, mikate yetu myembamba, mama akampenda kuliko mimi.

Yule wa "hilo nalo ni kabila" hakuniomba radhi hadi tunahitimu, wala sikumngoja. Wewe omba ubadilishiwe chumba. Chuo usihame, maana hata huko utaulizwa kabila siku ya kwanza, na kitambulisho utakuwa bado huna.