Maswali yenu: kopo la mahindi halinenepeshi farasi

Mfuko wa maswali umejaa tena, na zaidi ya nusu yake ni swali moja lililobadilishwa kanzu. Nianze nalo.

Farasi wangu amekonda sana, mbavu zinahesabika. Nimpe nini anenepe haraka? (Wasomaji kadhaa, kutoka Karen hadi Usa River)

Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia farasi wake ana umri gani, ana kilo ngapi, meno yalikaguliwa lini, wala anakula nyasi kiasi gani kwa siku. Wote mmeniambia ni makopo mangapi ya mahindi. Kopo gani? La rangi au la maziwa ya mtoto? Kopo la pumba na kopo lilo hilo likijazwa mahindi ya kupaaza havikaribiani uzito. Nimeliandika hili mara nyingi na sitachoka: chakula cha farasi hupimwa kwa mizani, na hesabu huanzia kwenye nyasi.

Huna mizani ya kumbeba farasi? Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ipite juu pale mabega yanapoishia, uisome akishatoa pumzi. Halafu pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 11,880. Farasi mzima mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa 160 atakuwa na kilo 389 hivi. Huyo anataka nyasi kavu kilo 8 hadi 9 kila siku kabla hujafikiria punje moja ya nafaka. Na robota nalo lipime. Niliwahi kununua marobota niliyoapiwa kuwa kila moja lina kilo 15. Nikalitundika moja kwenye mizani ya ndoano, mshale ukasimama kwenye 11. Farasi alikuwa akidhulumiwa kilo nne kila robota, na saisi, mtunza farasi, ndiye aliyekuwa akilaumiwa.

Nyasi zikiwa zinatosha na bado anakonda, nenda mdomoni. Meno ya farasi huendelea kuchomoza maisha yake yote, na yakisagika upande mmoja hubaki na ncha kali zinazokata shavu na ulimi. Chungulia chini ya hori. Ukikuta matonge ya nyasi yaliyotafunwa nusu na kutemwa, yamelowa na kuviringika kama tambuu iliyokwisha utamu, jibu umelipata: farasi ana njaa huku hori limejaa. Mwite daktari wa mifugo ayapige tupa, na baada ya hapo yakaguliwe kila mwaka. Kisha peleka mavi maabara wahesabu mayai ya minyoo. Kumwaga dawa ya minyoo kila mwezi bila kupima ndiko kumewafundisha minyoo kuizoea dawa.

Meno safi, minyoo hakuna, nyasi za kutosha, na bado unataka aongeze mwili? Ongeza lusini (alfalfa), na mafuta ya kupikia kidogo kidogo juu ya chakula, ukianza na vijiko viwili vya mezani na kupanda polepole kwa wiki mbili. Nafaka ije mwisho. Tumbo la farasi ni dogo mno kwa mwili wake, na nafaka ikizidi kwa mlo mmoja huliponyoka kabla haijameng'enywa, ikaenda kuchachuka kwenye utumbo mpana. Hapo ndipo msokoto wa tumbo na maradhi ya kwato hutokea. Kwa farasi huyo wa kilo 389, mlo mmoja wa nafaka usizidi kilo moja na nusu.

Chakula cha farasi kimeadimika dukani. Naweza kumshikiza kwa chakula cha kuku wa nyama kwa wiki moja tu? (Nakuru)

Hapana. Hata siku moja, hata kiganja kimoja.

Vyakula vingi vya kuku hutiwa dawa za kuzuia koksidia, vijidudu vinavyoshambulia utumbo wa kuku, na mojawapo ni monensini. Miligramu 2 hadi 3 za monensini kwa kila kilo ya uzito zinatosha kumwua farasi, wakati kuku huvumilia makumi ya mara zaidi ya hizo. Dawa hiyo hula misuli ya moyo. Anayenusurika anaweza kuonekana mzima, kisha siku moja akaanguka akiwa amepandwa. Vilevile chakula cha ng'ombe: kingine kina monensini, kingine kina yurea. Na wenye kusagia vyakula mtaani, nawaomba sana: mashine iliyotoka kusaga cha kuku isisage cha farasi kabla ya kusafishwa. Mabaki ya mle ndani ndiyo yanayoua.

Nafuga ng'ombe wa maziwa, na nina farasi jike mmoja. Anakula sawa na ng'ombe: Napier, nyasi za Kikuyu, na pumba za ngano asubuhi na jioni. Mwili anao, lakini uso umeanza kuvimba juu ya taya na anachechemea, leo mguu huu kesho ule. Nimemtazama meno, yako sawa. (Limuru)

Ahsante kwa kueleza. Hivi ndivyo swali linavyoandikwa.

Ng'ombe na farasi mmewaweka hori moja, lakini matumbo yao ni mbali. Nyasi zetu nyingi za nchi za joto, Napier, Kikuyu na setaria zikiwemo, zina oksaleti, ambayo hukamata kalisi (kalsiamu) na kuitoa mwilini pamoja na mavi. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyoivunja oksaleti mapema. Kwa farasi kalisi huwa imekwisha kukamatwa pale utumbo ulipotaka kuifyonza. Juu ya hapo wewe unampa pumba, ambazo fosforasi yake huizidi kalisi kwa mara kumi au kuzidi. Damu ikikosa kalisi huenda kuichota kwenye mifupa. Mifupa ya uso hulainika na kujaa nyama ngumu, ndiyo maana taya zinafura. Viungo huuma, ndiyo maana anachechemea kwa zamu. Maradhi haya wenzetu wa zamani waliyaita ya wasaga unga, kwa kuwa farasi wa mashine za kusagia walilishwa pumba tupu.

Acha pumba leo. Punguza Napier na Kikuyu polepole kwa siku kumi hivi huku ukiongeza hei (nyasi kavu) ya Rhodes, na lusini kwa ajili ya kalisi. Mwite daktari apange kiasi cha chokaa ya mifugo, ile ya dukani ya kuchanganyia vyakula, si ya kupakia ukuta. Usimpande wala kumvutisha kitu kwa miezi kadhaa, kwani mfupa uliochotwa hivyo unavunjika kwa kishindo kidogo.

Na wale mnaopika uji wa pumba kila Jumapili mkidhani mnasafisha tumbo, someni tena jibu hili.

Karoti zina madhara? (Ngong)

Mbili tatu kwa siku hazina neno. Zikate kwa urefu, si vipande vya mviringo. Vya mviringo hukwama kooni.

Ni kweli farasi aliyetoka mbio, bado ana jasho, asipewe maji? (Eldoret)

Si kweli, na imani hii imetesa wanyama wengi. Mpe maji, anywe, mtembeze, mpe tena. Farasi wa kilo 400 hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku hata bila kazi, na jua la kwetu huongeza. Jasho lake lina chumvi kuliko letu, basi asikose jiwe la chumvi hapo bandani.

Assalamu alaykum. Hapa Barka farasi wetu tulimzoesha kufuturu na sisi: tukila tende naye anapewa sahani yake, na shayiri juu. Shingo imekuwa nene na ngumu. Tangu juzi anatembea kama anayekanyaga miiba, akisimama huegemea nyuma. Tende zilikuwa mbovu? (Oman)

Wa alaykumu salaam. Tende hazikuwa mbovu. Zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari, na umempa sahani nzima mnyama aliyeumbwa kula nyasi ngumu kutwa na kucha. Huo unene wa shingo ndio ulikuwa onyo la kwanza.

Kwato za farasi zimeshikamana na mfupa wa ndani kwa nyama nyembamba zilizopangwa kama kurasa za kitabu. Sukari na wanga vikizidi, nyama hizo huvimba na kuanza kuachia, na mfupa unaweza kushuka hadi kutoboa wayo. Shika kwato: zina moto? Bonyeza kwa kidole nyuma ya kifundo, juu ya kwato: mshipa unagonga kwa nguvu? Mwite daktari leo hii, usingoje Ijumaa ipite. Wakati unamsubiri, mtandikie mchanga laini mnene asimame, usimtembeze, na uondoe tende na shayiri zote. Nyasi kavu zilowekwe majini kwa saa moja, zichujwe na maji yamwagwe, maana sukari hutoka nayo; kwa joto la huko usizilaze usiku kucha, zitachacha. Lakini usimnyime chakula kabisa kwa kudhani unampunguza mwili. Najua alipewa kwa mapenzi. Akipona, mapenzi yawe kumsugua na kumchana singa.

Punda wangu hubeba mchanga na mawe kutwa, jioni nawafungulia wajitafutie mjini. Mmoja tangu jana hali, amesimama tu kimya, tumbo limejaa. Jirani anasema nimnyweshe mafuta ya ufuta. (Lamu)

Usimnyweshe chochote kwa chupa. Mafuta yakiingia mapafuni umemmaliza. Ukisoma hapa, mpeleke kwenye kliniki ya Donkey Sanctuary hapo hapo Lamu, ambayo imekuwa ikitibu punda bure tangu 1987.

Punda hana kelele za maumivu kama farasi. Akiumwa sana ndipo anaponyamaza. Punda aliyeacha kula ni wa dharura: mwili huanza kuyeyusha mafuta yake, yakajaa kwenye damu na ini, na siku mbili tatu zinatosha kumwua. Chanzo cha tumbo sikioni nikiwa mbali, ila punda anayejitafutia majaani hula karatasi za nailoni zilizonuka chakula, na hizo hujifunga tumboni kama kamba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini ya zamani bado imo mchangani.

Kumfungulia mnyama mjini si kumlisha. Punda wa kilo 150 asiye na kazi hutosheka na kilo mbili na nusu za nyasi kavu au mabua kwa siku. Wako wanaobeba mawe wanataka zaidi. Wape kabla ya kazi, wape adhuhuri mkipumzika kivulini, wape usiku. Kutwa nzima kwa tumbo tupu halafu kibaba cha mahindi jioni ni dhuluma, na mwenye dhuluma hiyo ndiye anayepata riziki kwa mgongo wa huyo punda.

Farasi wetu wa kupandisha watalii ufukweni hupatwa na msokoto wa tumbo mara kwa mara. Hei tunanunua nzuri. (Bamburi)

Hei nzuri mnaimwaga chini, si ndiyo? Chukua mavi mabichi, madonge matano, yavuruge kwenye chupa nyeupe yenye maji, uiache itulie. Mchanga utaketi chini. Ukiuona umejaa kidole kizima, muite daktari. Tangu leo walishieni kwenye hori lililoinuliwa kidogo, na chini ya hori tandikeni mkeka wa mpira unaofagiwa. Tena wale washibe nyasi kabla ya kushuka pwani, maana farasi mwenye njaa hulamba hata mchanga wenye chumvi.

Mahindi yetu yameota ukungu kidogo. Watu hawawezi kula. Tuwape farasi? (Kitale)

Mnakumbuka mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zake, watu 125 walipokufa kwa sumukuvu ya mahindi? Kisichofaa sufuria hakifai hori. Farasi ana balaa lake zaidi: iko sumu nyingine ya kuvu wa mahindi, fumonisini, ambayo huyeyusha ubongo wake. Niliyaona katika banda moja nililofanyia kazi, ambako mahindi yaliyolowa mvua yalianikwa na kupaazwa ili yasipotee. Farasi mwekundu mpole, aliyekuwa akinifuata bila kamba, alisimama ameegemeza paji la uso ukutani akisukuma, akisukuma, hadi ngozi ikachubuka. Nilimwita jina lake hakunijua. Hakufika asubuhi. Yafukieni mahindi hayo, na pumba zake pia, kwani sumu hukaa zaidi kwenye ganda.

Shikamoo mzee. Tumemchukua farasi aliyetelekezwa, ni mifupa na ngozi, lakini anasimama na ana hamu ya kula. Mke wangu anataka tumpe mahindi ya kuchemsha na molasi ashibe. (Arusha)

Marahaba, na Mungu awalipe. Sasa mzuie mama na sufuria yake.

Mwili ulioishiwa ukipokea sukari nyingi kwa ghafla, seli huivuta pamoja na fosforasi, magnesi na potasiamu iliyobaki kwenye damu. Moyo hushindwa. Farasi kama huyu anaweza kufa siku ya tatu au ya tano, akiwa ameshaokolewa, hori limejaa. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha vyakula vya kuwarudisha farasi wa namna hii, na lusini ndiyo iliyofanya vizuri: ina protini na magnesi kwa wingi, na wanga ni kidogo.

Mpe lusini kavu nusu kilo tu kila baada ya saa nne, kwa siku tatu. Maji yawepo muda wote. Dawa ya minyoo isubiri daktari aseme, maana minyoo mingi ikifa kwa pamoja itamzidi nguvu. Kuanzia siku ya nne ongeza kidogo na utenganishe milo, hadi siku ya sita iwe karibu kilo mbili kila baada ya saa nane. Siku kumi zikipita mwachie nyasi ale atakavyo. Mbavu zitafunikwa kati ya miezi mitatu na mitano, msizikimbize.

Ratiba ya siku tatu za mwanzo ni saa kumi na mbili, saa nne na saa nane, mchana na usiku. Huo wa saa nane usiku ndio huwa unarukwa. Usimwachie saisi, amka mwenyewe.