Kabla hujamwaga sumu bustanini, jua nani anakula mboga na nani anakulindia

Dada, umesema umehamia Rau, umeotesha mchicha, mnafu na sukuma wiki kwenye matuta manne, na kila ukiamka unakuta kuna kilichoharibiwa. Umetaja tumbili, matundu kwenye tuta, kinyonga kwenye ua, na "kimnyama cha miiba" ulichokikuta nyuma ya ndoo. Jirani amekushauri umwage sumu wote waishe. Nakusihi usimwage. Nalima nyuma ya nyumba hapa hapa Moshi mwaka wa 11 sasa, na sumu niliwahi kuiweka, kwa hiyo nianze na hilo.

Mwaka wangu wa pili panya walinishinda kabisa. Nikipanda maharage jioni, asubuhi nakuta vishimo vimepangana mstari mzima na mbegu hakuna. Nikanunua sumu ya punje dukani nikaisambaza kando ya matuta. Sumu za namna ile haziui papo hapo. Zinazuia damu isigande, na panya anazunguka siku kadhaa akiwa hoi kabla ya kufa, hata mchana unamwona anayumba. Kwa anayewinda panya, hicho ni chakula cha bure. Siku ya sita nikamkuta bundi amelala chini ya mparachichi, yule mweupe mwenye uso kama kopa la karata, damu imekauka mdomoni. Alikuwa akikaa kwenye dari la banda la jirani. Mama mkwe wangu alikuwa ananiambia siku zote nimfukuze, kwamba bundi akilia juu ya nyumba kuna msiba, nami nilikuwa nasita. Nilimzika kwenye migomba, na sikumwambia mtu.

Miezi michache baadaye panya walirudi, tena wengi kuliko mwanzo. Fikiria mwenyewe: mimba ya panya ni kama wiki tatu tu, na anazaa watoto wengi kwa mkupuo. Bundi hukaa na makinda yake miezi mpaka yaruke. Ukiwaua wote wawili siku moja, panya ndiye atakayetangulia kurudi. Mimi sauti ya bundi sikuisikia tena hapa kwangu mpaka mwaka wa sita. Panya sasa nawapunguza kwa mtego wa chuma, paka, na kutoacha pumba za kuku nje usiku.

Tuje kwa kimnyama chako cha miiba. Kama ni kidogo kiasi cha kukaa kwenye viganja viwili, na ukikigusa kinajikunja kama mpira, huyo ni kalunguyeye. Nungunungu ni mwingine kabisa: mkubwa kama mbwa mdogo, miiba mirefu yenye mabaka meusi na meupe, na huyo kweli anachimba viazi, magimbi na mihogo. Watu wanachanganya haya majina, na kalunguyeye anapigwa fimbo kwa kosa asilolifanya. Chakula chake ni koa, konokono, mende na viwavi, yaani wale wale wanaotoboa majani ya sukuma yako. Muachie upenyo chini ya ua na rundo la majani makavu ya mgomba pembeni. Maji kwenye kisahani yanatosha. Maziwa usimpe, yanamharibu tumbo.

Kinyonga naye muache palepale. Najua tumekuzwa tukimwogopa. Hana sumu yoyote. Kaa umtazame dakika 10 tu: jicho moja linaangalia mbele, lingine nyuma, kisha ulimi unatoka mrefu kuliko mwili wake na panzi hayupo tena. Watoto wangu walikuwa wanawarushia mawe. Nikawapa kazi ya kuwahesabu kila Jumamosi, na leo ndio wanaowakataza wenzao.

Sasa wanaokula kweli. Kwanza angalia jeraha la mche kabla ya kumlaumu mnyama. Ukikuta mche umekatwa pale shina linapogusa udongo, na majani yamelala pembeni hayajaliwa sana, huyo mara nyingi ni sota, kiwavi wa kijivu anayefanya kazi usiku. Fukua kwa kidole kuzunguka shina, sentimita mbili tatu, utamkuta amejikunja. Mwokote umpe kuku. Halafu kata makopo ya plastiki juu na chini, kila mche uuvike pete yake, pete izame kidogo kwenye udongo. Mimi tangu nianze kuvika pete, miche ya sukuma inafika ukubwa.

Matundu ndiyo yanayonisumbua kwenye maelezo yako. Tundu lililo wazi mara nyingi ni la panya. Fuko hufunga mlango wake: unaona vichuguu vya udongo mbichi, halafu mmea uliokuwa mzima jana unalegea, ukiuvuta unatoka hauna mizizi. Dawa ya fuko niliyoiona ikifanya kazi ni wavu wa chuma wa matundu madogo, umelazwa chini ya tuta na kupandishwa pembeni. Ni kazi nzito, lakini unaifanya mara moja. Karoti na viazi nimevihamishia kwenye viroba.

Kuhusu tumbili nitakwambia ukweli, sijawamaliza na sitegemei kuwamaliza. Karibu na msitu wa Rau tumewakuta wao. Sanamu ya nguo kuukuu waliiogopa siku tatu. Kilichosaidia ni kufunika pipa la taka, kuvuna mahindi na nyanya mapema zikaivie ndani, na kuweka pilipili na vitunguu upande wanaoingilia. Usiwalishe, hata ganda la ndizi, na waambie watoto wasiwakaribie. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa robo saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kuwaua pia kunaweza kukuingiza matatani, wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Vidukari vikianza kwenye sukuma, maji ya sabuni kidogo chini ya majani yanatosha, jioni, nyuki wakishaondoka.

Kesho asubuhi nenda kwenye yale matundu kabla jua halijakausha udongo. Yazibe yote kwa udongo, uyaangalie tena keshokutwa. Tuambie yapi yamefunguliwa, na kama kuna kichuguu kipya pembeni. Hapo nitakwambia ununue wavu au mtego.