Majaribio yangu yote yanafaulu, mbona programu inakosea?

SWALI: Ninajifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, na hivi karibuni nimeanza kuandika majaribio ya vipande, yaani yanayokagua kila sehemu ndogo ya programu peke yake, kwa kutumia maktaba ya unittest. Nina fanksheni niliyoiita wastani, ambayo hupokea orodha ya namba na kurudisha wastani wake. Ndani ya jaribio nimeandika self.assertTrue(wastani([4, 8]), 6). Jaribio hufaulu kila ninapoliendesha, lakini programu yenyewe inatoa 12 badala ya 6. Je, fanksheni hizi za kuthibitisha zina kasoro? Mwenzangu ananishauri niachane nazo, niweke tu neno assert, ambalo husimamisha programu sharti lisipotimia, ndani ya programu. Aidha, nimesoma kwamba kila jaribio liwe na uthibitisho mmoja tu. Je, ni lazima?

JIBU: Fanksheni ya kuthibitisha haina kasoro; umeiuliza swali ambalo hukukusudia kuliuliza. assertTrue huangalia kitu kimoja tu, yaani kile cha kwanza ndani ya mabano, na hutaka kujua kama Python inakihesabu kuwa kweli. Namba yoyote isiyokuwa sifuri huhesabiwa kuwa kweli, kwa hiyo 12 imepita bila kuulizwa chochote. Ile 6 uliyodhani inalinganishwa imechukuliwa kuwa ujumbe wa kuonyeshwa endapo jaribio litafeli, na kwa kuwa halikufeli, hukuuona ujumbe huo. Fanksheni yako inajumlisha namba na kusahau kugawanya, nalo jaribio lingeendelea kufaulu hata kama ingerudisha elfu moja.

Ulichohitaji ni self.assertEqual(wastani([4, 8]), 6). Unaweza kusema kwamba assertTrue(wastani([4, 8]) == 6) nayo ingelinasa kosa, na ni kweli, ila ingekuambia tu kwamba «False is not true», maneno ambayo hayamsaidii mtu anayetafuta kosa. assertEqual hukuandikia «12 != 6», na mtu akiona 12 mahali pa 6 huanza mara moja kushuku kwamba kuna kugawanya kulikosahaulika. Hii ndiyo sababu ya kuwapo kwa fanksheni nyingi za aina hii badala ya moja: kila moja inajua namna ya kueleza kushindwa kwake. (Kama umeshangaa kwa nini majina yake yana herufi kubwa katikati, jambo ambalo si desturi ya Python, ni kwa sababu unittest iliigwa kutoka JUnit, maktaba ya majaribio ya lugha ya Java, iliyoandikwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997.)

Kabla hujairekebisha fanksheni yako, badilisha kwanza jaribio, uliendeshe, na ulione likifeli. Najua hatua hii huonekana kama kupoteza muda, hasa mtu anapokuwa amekwisha kuliona kosa, lakini jaribio ambalo hujawahi kuliona likifeli huna sababu ya kuliamini. Ungelifanya hivyo siku ya kwanza, kwa kuandika 7 mahali pa 6 kwa makusudi, ungeshtuka kuona linafaulu vilevile.

Wastani una mtego mwingine. Jaribu wastani([0.1, 0.2]) hata baada ya kusahihisha fanksheni: utapata 0.15000000000000002, na assertEqual itakataa kwamba hiyo ni sawa na 0.15. Kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa tarakimu za mfumo wa mbili, na 0.1 haiwezi kuandikwa kikamilifu katika mfumo huo, kama vile theluthi isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali zetu. Kwa namba kama hizi tumia assertAlmostEqual, ambayo isipoelekezwa vingine hukadiria tofauti ya namba mbili hadi nafasi 7 za desimali, kisha huangalia kama ni sifuri.

Ushauri wa mwenzako siukubali. Neno assert ndani ya programu ni la kumlinda mwandishi dhidi ya dhana zake mwenyewe, lakini Python ikiendeshwa kwa chaguo la -O mistari yote ya assert huondolewa, na katika Java ukaguzi wa namna hiyo huwa umezimwa hadi uuwashe. Huenda amezoea pytest, zana nyingine ya majaribio ya Python, ambako neno hilohilo huandikwa ndani ya majaribio na zana yenyewe hulichambua ili itoe maelezo kamili. Hilo ni jambo jingine, na ni zuri.

Kuhusu uthibitisho mmoja kwa kila jaribio, si lazima. Hofu iliyo nyuma ya kanuni hiyo ni ya kweli, kwa kuwa uthibitisho wa kwanza ukifeli unaofuata hauendeshwi, na hutajua hali yake. Hata hivyo, ikiwa thibitisho tatu zinaelezea tabia moja, kuzitenganisha katika majaribio matatu ni kujaza faili bure.

Hukuuliza kuhusu orodha tupu, lakini fanksheni yako itakapogawanya kwa idadi ya namba, wastani([]) itagawanya kwa sifuri na kusababisha ZeroDivisionError. Amua kama hilo ndilo unalotaka au unapendelea ValueError (kosa la thamani isiyofaa) yenye maelezo; ukichagua hiyo ya pili, andika with self.assertRaises(ValueError): na chini yake uite wastani([]). Usitumie try na except mahali pake, kwa kuwa fanksheni isipotoa kosa lolote sehemu ya except haitaguswa, na jaribio litafaulu kimyakimya kama lile la kwanza.