Re: Kutoa hinji za kabati za jikoni bila kuharibu mbao

Sasa ndugu wa Kondele, umesema unataka kutoa milango ya kabati upake rangi na unaogopa chipbodi (ule ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa na gundi) imeguke, inawezekana kabisa ila usikimbie. Kama hinji zako ni zile za kisasa, zenye kikombe cha milimita 35 kimezama ndani ya mlango, angalia kwanza nyuma ya mkono wa hinji kule ndani ya kabati, zingine ziko na kitufe, ukikibonyeza mlango unaachia bila kugusa skrubu hata moja. Hapo umemaliza. Kama hakuna kitufe basi ni bisibisi ya nyota, ile ya mkono tafadhali, achana na drili, na iwe saizi inayojaa kichwa cha skrubu. Kama kuna rangi imekauka juu ya skrubu ikwangue na ncha ya kisu kwanza. Halafu mtu akushikilie mlango, au weka vitabu chini yake, na uanze na hinji ya chini, ya juu iwe mwisho. Mimi hapa Nakuru nilianza na ya juu nikiwa peke yangu, mlango ukainama, hinji ya chini ikang'oka na kipande cha chipbodi, iliniuma sana. Kikombe usikichokonoe kamwe, kikitoka kwa nguvu kinaondoka na ngozi ya juu ya mbao. Na ukipata tundu imelegea jaza njiti za meno na gundi ya mbao, ikauke usiku mzima ndio urudishe skrubu.