Urembo una siku zake: kwa dada anayeanza dripu

Jumapili usiku, nikiwa nakunja sare za shule za mwanangu, uliingia ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Mwanza, mgonjwa wa saratani ya titi kama nilivyokuwa mimi, anayekaribia kuanza dripu za dawa za saratani. Ameandika: "Dada, naanza dripu wiki ijayo. Titi nimeshakatwa, hilo nimelipokea. Nisaidie kitu kimoja tu: ninunue wigi gani nisionekane mgonjwa?"

Nimeusoma mara nne. Ni swali lilelile nililouliza mimi, karibu kwa maneno hayohayo, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kusubiria na faili mapajani. Mama aliyekuwa pembeni yangu akanitajia duka moja la Kariakoo. Nikashukuru, nikaenda, nikanunua. Lakini jambo ambalo baadaye lilikuja kunilaza wodini siku tano, hilo nilikuwa silijui na wala sikujua nimuulize nani. Kwa hiyo mdogo wangu, kwenye wigi tutafika. Nivumilie kwanza.

Mimi nilipewa dripu nane, kila baada ya siku 21. Nne za mwanzo zilikuwa na ile dawa nyekundu, nne za mwisho dawa nyingine inayodondoka taratibu kwa saa tatu. Habari za kutapika sitazisimulia, zimesimuliwa sana. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu ukipewa vimeze kwa saa ulizoandikiwa, usisubiri hali ichafuke ndipo uvitafute. Na siku ya dawa nyekundu mkojo utatoka mwekundu. Ni rangi ya dawa ile, si damu. Nakwambia mapema kwa sababu mimi sikuwa najua, na nililia chooni peke yangu nikidhani mwili umeanza kuvuja.

Sasa nywele. Kabla ya kuanza nilisuka twende kilioni ili wigi likae vizuri. Siku mbili tatu kabla ya kuanguka, ngozi ya kichwa iliniuma kama ya mtu aliyesukwa kwa kubanwa sana. Siku ya 16 tangu dripu ya kwanza niliamka alfajiri, nikavua ushungi niliolalia, na msuko mmoja ukabaki kwenye kitambaa. Haukukatika, uling'oka mzima, kuanzia utosini mpaka kisogoni, na kila unywele ulikuwa na kijishina cheupe kwenye ncha. Nilikaa kitandani nimeushika. Haukuniuma hata kidogo wakati unatoka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko maumivu.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kuniuguza. Hakusema kitu. Alitoka, akarudi na kijana kinyozi wa pale mtaani. Yule kijana aliifuta mashine yake kwa spiriti mbele ya macho yangu bila kuambiwa, akazima muziki kwenye simu, akaanza kuninyoa polepole. Mama alitandika kanga chini ya kiti. Tulipomaliza, akakunja ile kanga na nywele zote ndani, akaenda kuzifukia nyuma ya nyumba, kwenye mwarobaini, kama alivyozifukia nywele nilizozaliwa nazo. Kinyozi alikataa pesa. Nikishika kichwa changu leo, chenye nywele za kutosha kusuka, bado namkumbuka yule kijana na spiriti yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: zikianza kutoka, usizisubiri zikutawanyikie kwenye mto wa kulalia, kwenye sahani na kwenye nguo za mtoto. Nyoa. Na nyoa kwa mashine, usikubali wembe. Hakuna mafuta yanayozuia zisianguke. Mimi niliuziwa chupa mbili, nikapaka asubuhi na jioni, na zikaanguka siku yake ileile. Muuguzi mmoja alinieleza vizuri sana: dawa hizi zinawinda chembe zinazogawanyika haraka, maana ndivyo saratani ilivyo. Lakini mwilini kuna chembe nyingine nazo zina haraka: za mashina ya nywele, za ndani ya mdomo, za kucha, na zile za kwenye uboho, ndani ya mifupa, zinazotengeneza damu. Dawa haichagui. Ukilielewa hilo, mengine yote nitakayokwambia utayaelewa.

Uboho ndio ulioniponza.

Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa. Nilikuwa nimeshamaliza dripu ya tatu, na harusi ilikuwa siku 11 baada yake. Nyumba imejaa, wanawake wanasinga, hina inakorogwa, kila mtu ana furaha, nami nilitaka siku moja tu niwe mama mdogo wa bibi harusi, si mgonjwa. Shangazi yangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, hizo kucha zimekuwa nyeusi, na kichwa ndiyo hivyo. Katafute namna, picha zinabaki." Sitaki kumhukumu, alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu. Lakini neno lile, *picha zinabaki*, mpaka leo likinijia lazima nikae chini.

Nikaenda saluni siku ya tisa. Fundi wa kucha alilowesha mikono yangu kwenye bakuli, akachukua kikoleo chake, akakata nyama za pembeni mwa kucha kama alivyomkatia mteja aliyenitangulia. Kikoleo kilekile. Kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia kilitoka kitone cha damu, kidogo kama punje ya mtama. Akakifuta kwa pamba, akapaka rangi. Nilitoka pale napendeza, kwa kweli nilipendeza.

Usiku wa harusi kidole kilianza kupwita. Kesho yake asubuhi kimevimba na kinawaka, na nilipopima joto lilikuwa nyuzi 38.6. Hata usaha haukuwa mwingi, maana usaha wenyewe hutokana na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, na askari sikuwa nao. Nililazwa siku tano kwa dripu za antibayotiki. Daktari hakunigombeza. Alinionyesha karatasi ya damu, akaweka kalamu kwenye namba ya chembe nyeupe, akaniuliza, "Kuna mtu aliwahi kukwambia kuhusu siku hizi?" Nikasema hapana. Dripu ya nne ikaahirishwa kwa wiki mbili. Wiki mbili ambazo kila usiku nilikuwa nalala nikiwaza kama kitu kile kinakua tena.

Ndiyo maana nasema urembo una siku zake. Mwenzangu, chukua kalenda. Siku ya dripu iandike moja, hesabu mpaka 21. Kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 14 chembe nyeupe huwa zimeshuka chini kabisa, kwa hiyo siku hizo mwili wako ni nyumba isiyo na mlango. Hakuna saluni, hakuna wembe kwapani, hakuna kutoboa, hakuna kukata nyama za kucha, hakuna kubanana kwenye shughuli za watu. Zungushia siku hizo kalamu nyekundu. Daktari wako anaweza kukupangia dawa za mpangilio mwingine, wengine hupewa kila wiki, kwa hiyo muulize waziwazi: "Siku zangu za hatari ni zipi?" Uliza, usione haya. Na joto likifika nyuzi 38, iwe usiku wa manane, iwe sikukuu, unakwenda hospitali. Usimeze panadoli ukalala, maana itashusha joto na kukuficha hatari.

Kuanzia siku ya 15 mwili unaanza kurudi. Hapo jipambe. Hapo vaa, toka, katembee ufukweni jioni. Mimi zile siku sita saba za mwisho za kila mzunguko ndizo nilizoishi.

Kuhusu kucha zenyewe: zikate fupi, kwa mkasi wako mwenyewe, na nyama za pembeni zipake mafuta tu. Zikiwa nyeusi au na mistari, ni dawa hiyo, zitakua na kutoka. Katika zile dripu nne za mwisho, muuguzi aliniambia baridi inasaidia kulinda kucha, nikawa naenda na vifuko vya barafu kutoka kwa jirani anayeuza, nimevifunga kwenye taulo, navishika dripu inapodondoka. Muulize wako kwanza kama anaona inakufaa. Hina ya majani naipenda na ninaipaka, lakini piko nimeiacha kabisa, maana ile rangi nyeusi ina kemikali za rangi za nywele ambazo huweza kubabua hata ngozi ya mzima. Na siku ya kwenda hospitali acha angalau kidole kimoja kitupu, kile kifaa cha kusoma oksijeni husumbuliwa na rangi.

Ngozi nayo. Uso wangu uliiva, ukawa mweusi mashavuni na kwenye paji, viungo vya vidole vikawa kama vimepakwa masizi, hata ulimi ulikuwa na madoa. Mfanyakazi mwenzangu akaniletea kopo lisilo na jina, akasema wiki mbili tu utarudi. Mkorogo. Wapenzi wasomaji wangu, hapa naomba mnisikilize vizuri, wagonjwa na wazima. Ndani ya makopo yale huwekwa zebaki, haidrokwinoni, steroidi, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu na bado vinauzwa. Vinaikondesha ngozi mpaka inachanika. Wewe ambaye tayari ngozi yako imekauka na damu haina askari, unapaka nini? Nani alikwambia weusi ni ugonjwa? Nilipaka mafuta ya mgando nikitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu, nikavaa mikono mirefu, nikatembea na mwavuli. Rangi ilirudi yenyewe. Ilichukua karibu mwaka, lakini ilirudi.

Mdomo: mswaki laini kabisa, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kila baada ya kula, na uachane na dawa za kusukutua zinazochoma. Midomo mafuta ya mgando, kopo lako peke yako.

Kuna jambo la harufu watu hawalisemi. Siku niliyotoka dripu ya pili, dada yangu alikuwa amenifukizia chumba kizima kwa udi, ule mzuri, wa kuwekea akiba ya Idi. Alifanya kwa mapenzi. Nilipofungua mlango nilitapika pale pale kizingitini, naye akabaki na chetezo mkononi, machozi yanamlenga. Mpaka leo udi ule siuwezi. Kwa hiyo siku tatu nne za mwanzo, marashi unayoyapenda yafiche mbali, usije ukayachukia maisha. Oga na sabuni isiyonukia.

Nyusi ziliniuma kuliko nywele. Kichwa kinafunikwa, uso haufunikwi, na nyusi zangu zilitoka mwishoni wakati nimeshajiaminisha kuwa nimeokoka. Nilipoketi na wanja kuzichora, niligundua sijui zilianzia wapi. Miaka yote ile mbele ya kioo, na sijui. Wewe leo hii, kabla hujaanza, simama kwenye mwanga wa dirisha upige picha uso wako kwa karibu. Nunua wanja wa penseli mpya, usimwazime mtu. Chora kwa vijistari vidogo vidogo kufuata ile picha, usiburute mstari mmoja. Kope za gundi usiweke.

Na sasa wigi. Lile la Kariakoo lilikuwa refu mpaka mabegani, na Dar hii ya Februari nililivaa mara sita. Linawasha, linachemsha, na kichwa kisicho na nywele kinateleza ndani yake. Lililonifaa ni fupi, jepesi, na chini yake kofia ya pamba. Siku nyingi zaidi sikuvaa wigi kabisa. Nilifunga kilemba, na kilemba kizuri si cha kitenge kipya chenye wanga, ni cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imelainika. Mama alikata kanga yake ya zamani, fundi cherehani akanishonea kofia tatu kutoka humo, mshono nje ili usikwaruze.

Nimeulizwa nisionekane mgonjwa nifanye nini. Mdogo wangu, utaonekana mgonjwa siku nyingine, kwa sababu utakuwa unaumwa. Nilipoteza nguvu nyingi sana kuficha, nguvu ambazo nilizihitaji kupanda ngazi. Atakayekuangalia sana akuangalie. Wewe angalia kalenda yako, maliza dripu zote, usikubali hata moja icheleweshwe kwa sababu ya picha za mtu. Nilimaliza zangu nane. Shangazi alikuja siku ile na sahani ya vitumbua, hakusema neno, akanivua kilemba, akanibusu kichwani.

Lile wigi fupi ninalo bado. Nimelifua, nimelianika kivulini, liko kwenye mfuko pamoja na kofia mbili za kanga ya mama. Nimekuongezea kipimajoto kipya, betri imo. Nitumie jina la stendi utakayopokelea, mzigo unaondoka na basi la Ijumaa asubuhi.