Mninga unaungua na ncha zinakatika, ninunue biti gani za CNC?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nimepata kimashine cha CNC (kinachonga chenyewe kwa kuongozwa na kompyuta) kile kidogo cha 3018, nataka nitengeneze vibao vya majina ya milangoni na zawadi za mahafali kwa mninga na MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi). Kilikuja na kiboksi cha biti kumi zenye ncha kali, nimeshavunja nne. Afu mninga unatoka mweusi pembeni kama umepigwa pasi, nimepunguza spidi ya kusogea mpaka 100 mm kwa dakika lakini ndo kwanza inazidi kuungua. Ninunue zipi za kuanzia? Kuna seti ya biti 50 nimeiona, inafaa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na hizo nne. Sio kwamba ni mbovu, ni kwamba hazikuwa za mbao. Hizo kumi zinazokuja na 3018 mara nyingi ni za kuchonga bodi za saketi za umeme, yani kukwangua kale kashaba kembamba juu ya bodi, ndo maana ncha yake ni 0.1 mm na pembe yake digrii 20. Chukua moja, washa kamera ya simu, vuta karibu kabisa uiangalie: utaona ni kajiti kamekatwa bapa upande mmoja basi, hakana mfereji wa kutolea maranda. Ukikazamisha kwenye mninga maranda hayana pa kupita, yanasagika yanakuwa unga, unga unapata moto, ncha inakatika.

Na hata isingekatika isingekufaa. Chukua herufi yenye mstari wa upana wa 3 mm. Biti ya V ya digrii 60 inaupata huo upana ikishuka kama 2.6 mm tu, ya digrii 90 inashuka 1.5 mm, ila hiyo ya 20 inabidi ishuke 8.5 mm, sasa kibao chenyewe cha 12 mm utabaki na nini?

Hilo la kuungua ndo nataka ulielewe vizuri maana wanaoanza karibu wote wanalikosea, wanaona mbao inaungua wanadhani mashine inaenda mbio wanapunguza, wanapunguza tena, kumbe wanaongeza tatizo. Jino la biti linatakiwa kila likizunguka ling'ate kipande cha mbao kinachoonekana, hicho kipande ndo kinatoka na joto. Mota ya 3018 inazunguka kama mara 10,000 kwa dakika. Ukiweka biti ya meno mawili ukaisogeza 100 mm kwa dakika, meno mawili mara 10,000 ni ming'ato 20,000, gawanya mwenyewe, 100 kwa 20,000, kila jino linapata 0.005 mm. Hapo halikati, linasugua, na kusugua ndo kuwasha moto. Biti ya 3 mm kwenye mbao anzia kwenye 0.03 mm kwa jino, yani 600 mm kwa dakika kwa meno mawili au 300 kwa jino moja. Spidi ya kusogea ipande, kina ndo kishuke: kwenye mninga nenda 0.5 mm kwa kila pita, MDF 1 mm, rudia mpaka ufike. Hiyo mashine haina ubavu, ukiipa kina kirefu fremu inayumba na biti inakatikia shingoni.

Sasa za kununua, na zote ziwe za kabaidi (madini magumu kuliko chuma), za chuma cha kawaida gundi ya MDF itazila makali mapema. Ya kwanza ni bapa, yani ya ncha iliyokatwa sawa, ya jino moja, 3.175 mm, ya kuvuta maranda juu, hii ndo utaitumia kila siku kuchimba na kukata pembeni, na nimekwambia jino moja kwasababu mashine dhaifu inaliweza vizuri. Ya pili ni V ya digrii 60 ya herufi. Ya tatu ni bapa ya meno mawili inayosukuma maranda chini, maana ile ya kuvuta juu inanyanyua nyuzi inaacha uso na manyoya, hasa plaiwudi, hii ya kusukuma chini inaacha ukingo safi kama umekatwa na wembe, ila usichimbie mfereji mrefu mwembamba nayo, maranda yanajaa ndani yanaungua. Bapa nunua mbilimbili, utavunja, ni kawaida. Ya kichwa cha mviringo ni ya michongo ya sura na maua, isubiri kwanza.

Seti ya 50 achana nayo, nyingi humo utakuwa huna kazi nazo na hela hiyo inapata tano za maana.

Kabla hujalipa pima kwa venia, kile kipimo cha unene, mkia wa biti, yani sehemu inayoingia kwenye mashine. Koleti, ile bana inayoshika mkia, inayokuja na hiyo mashine kwa kawaida ni ya 3.175, na biti nyingi utakazokuta kwenye maduka ya vifaa vya useremala hapa mjini ni za ruta ya mkono (mashine ya kuchonga mbao unayoishika), mkia robo inchi au nusu inchi, haziingii. Na usidanganyike na mkia wa 6 mm na 6.35 mm, watu wanaziita zote robo inchi ila ya 6 kwenye koleti ya ruta ya 6.35 inateleza, ikiteleza inashuka yenyewe inatoboa kazi. Koleti ya mashine yako, aina ya ER11, ingiza kwanza kwenye nati yake mpaka ilie "tak", ndo uifunge kwenye mashine, afu biti. Ukiweka koleti kwanza ndani ya mashine, nati utaikaza lakini biti itakaa upande.

Kabaidi ni ngumu ila inavunjika kama glasi, tandika kitambaa mezani unapobadilisha, ikidondoka kwenye sakafu ya simenti iangalie ncha tena kwa simu. Na vaa barakoa na miwani, vumbi la mninga linawasha pua na la MDF lina gundi, usilizoee.

Anza na kipande cha mabaki, chora mstari mmoja wa sentimita kumi kwa hizo namba, afu nitumie picha ya maranda karibu na kibao. Nikiyaona nitajua kama tupandishe spidi au tupunguze kina.